Pointi au kusalimu amri: jinsi ya kujiandaa kwa kanuni za shindano lako la jiu-jitsu

Shindano langu la kwanza nililipoteza kwa sekunde moja, na sikulijua hilo mpaka jioni, tukiwa tumesimama Sharjah tunasubiri shawarma, gi zetu, yale mavazi ya mchezo, zimelowa jasho ndani ya mifuko ya plastiki. Nilikuwa mkanda mweupe, pambano la dakika tano, kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Jamaa alinipiga mtama mapema tu, akaniangukia ubavuni, pointi 2. Nikahangaika chini yake dakika tatu nzima. Mwishowe nikanyanyua kiuno, nikamgeuza, nikawa juu. Moyoni nikasema tumeshalingana. Nikapitisha goti, nikamkalia kifuani, na papo hapo nikaurukia mkono wake wa kulia nimvunje kiwiko. Akauchomoa. Muda ukaisha. Refa akainua mkono wake, 2–0.

Mwalimu wangu alinihesabia kwa vidole vilivyojaa sosi ya kitunguu saumu. "Kumgeuza mtu aliyekubana ubavuni: hakuna pointi. Kumkalia mtu kifuani: pointi 4, ila utulie sekunde tatu. Wewe umetulia ngapi?" Nilitulia mbili.

Ningesubiri sekunde moja zaidi, ningeshinda 4–2. Na kama shindano lingekuwa la kusalimu amri tu, lisilo na pointi, kule kuurukia mkono ndiko kungekuwa akili, maana hakuna anayekulipa kwa kukaa. Mwili ni uleule na mbinu ni ileile, lakini uamuzi ulio sahihi kwenye mkeka mmoja ni wa kijinga kwenye mkeka wa jirani. Mwongozo huu ni wa anayetaka kulijua hilo kabla hajalipa ada ya kiingilio.

Kwanza tuelewane maneno

Kugonga ni kule kupigapiga mkono kwenye mkeka au mwilini mwa mpinzani kuashiria umekubali. Ndiko kusalimu amri. Gadi ni hali ya aliye chini anayemzuia mwenzake kwa miguu. Kupita gadi ni kuivuka miguu hiyo mpaka umbane mtu ubavuni. Kupindua ni aliye chini kumgeuza wa juu akitokea kwenye gadi, na hayo maneno "akitokea kwenye gadi" ndiyo yaliyoniponza mimi. Kushika mgongo ni kuwa nyuma ya mtu, visigino vyako vimenasa ndani ya mapaja yake. Roba haihitaji maelezo kwa aliyekulia Dar. Mkenya ataiita ngeta. Tofauti ni kwamba humu ukigonga unaachiwa, na simu yako inabaki mfukoni.

Hatua ya 1: Uliza maswali manne kabla hujajiandikisha

Bango likiandikwa "kusalimu amri tu" bado hujaambiwa kitu. Nimeona mashindano matatu yenye maneno hayo na kila moja lilikuwa na mwisho wake: moja lilitoa sare, moja lilikuwa na majaji, moja lilikuwa na muda wa ziada. Kwa hiyo waulize waandaaji, na ikiwezekana wakujibu kwa maandishi:

Pambano la mkanda wangu ni dakika ngapi?
Muda ukiisha bila mtu kugonga, mshindi anapatikanaje?
Mashambulizi gani ya miguu yanaruhusiwa kwa mkanda wangu?
Je, kuna adhabu ya kukaa chini na kumvuta mpinzani kwenye gadi?

Swali la pili ndilo mama yao. Jibu lake litakuambia ufanye nini katika dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho ndiyo inayokuambia ufanye nini katika ya kwanza.

Hatua ya 2: Jua pointi zinalipa nini, na hazilipi nini

Katika kanuni za IBJJF, shirikisho lililoanzishwa na Carlos Gracie Jr., kumwangusha mtu ni pointi 2, kupindua 2, goti tumboni 2, kupita gadi 3, kumkalia kifuani 4 na kushika mgongo 4. Kila moja lazima uidhibiti sekunde tatu. Mkanda mweupe wa watu wazima hucheza dakika 5, bluu 6, zambarau 7, kahawia 8, mweusi 10. Mtu akigonga, pambano limekwisha, hata kama alikuwa anaongoza 15–0.

Ukizitazama namba hizo utaona mantiki yake. Kadiri unavyosogea mahali ambapo ungeweza kumuumiza mtu naye asiweze kukujibu, ndivyo malipo yanavyopanda. Kifuani na mgongoni ndiko juu kabisa kwa sababu hiyo. Na kuna sababu nyingine, ya kawaida zaidi: ratiba. Mwaka 1955 wapiganaji Hélio Gracie na Waldemar Santana walipigana Rio de Janeiro zaidi ya saa tatu na nusu kabla hajapatikana mshindi. Ukiwa na ukumbi wenye mikeka kumi na washiriki mia tano, huwezi kuwaachia watu wakamalizane wenyewe. Lazima ukumbi ufungwe usiku.

Sasa mitego. Nimeshakwambia kwamba kujigeuza kutoka ubavuni au kutoka chini ya mtu aliyekukalia hakukupi pointi. Kumbana mtu ubavuni peke yake pia hakulipi. Kinacholipa ni kuivuka gadi. Ukishika mgongo ukafunga miguu yako pembetatu kwenye tumbo lake, utakuwa umembana vizuri sana lakini zile 4 huzipati, kwa sababu wanataka visigino viwili vilivyonasa kwenye mapaja, miguu isipishane. Huwezi kushuka kifuani kwa makusudi kisha ukapanda tena ili ulipwe mara mbili. Na ukifika mahali penye pointi huku mwenzako amekushika roba, hulipwi mpaka ujinasue.

Halafu kuna adivanteji. Hizi mimi naziita chenji. Unapewa pale ulipokaribia kufanikiwa: ulikaribia kupita gadi, ulikaribia kumfanya mtu agonge. Adivanteji kumi hazizidi kupindua kumoja. Zinahesabiwa pale tu pointi zinapolingana. Zikilingana nazo, zinatazamwa adhabu. Zikilingana nazo pia, refa anaamua. Usikubali kufika kwa refa. Nimefika huko mara mbili na mara zote mbili nilitoka nikiwa na hakika nimeonewa, jambo ambalo haliwezekani kuwa kweli mara zote.

Adhabu nazo zinapanda ngazi. Kuzubaa, yaani kumshikilia tu mtu bila kujaribu kusonga mbele, refa anakuhesabia sekunde 20. Kosa la kwanza unaandikiwa, la pili mpinzani anapata adivanteji, la tatu anapata pointi 2, la nne unatolewa.

Ubaya wa mfumo huu unauona kwa macho wawili wanapopachikana miguu, kila mmoja mguu wake umenasa kwenye wa mwenzake. Huyu anainuka, 2–0. Yule anavuta, anainuka yeye, 2–2. Tena, 4–2. Tena, 4–4. Hapo hakuna roba wala kiwiko kilicho hatarini, ni kama watoto kwenye bembea, na atakayekuwa juu saa inapokata ndiye bingwa. Ukumbi mzima unazomea. Kanuni hazikuvunjwa hata moja.

Hatua ya 3: Elewa mfumo ulio katikati ya hiyo miwili

Huku Ghuba watu wengi wanaifahamu ADCC, shindano kubwa la kukabana, kwa sababu ilizaliwa hapa. Sheikh Tahnoun bin Zayed Al Nahyan aliupenda mchezo huu akiwa masomoni Marekani, akarudi nao, na mwaka 1998 shindano la kwanza likafanyika Abu Dhabi. Hakuna gi. Pambano la kawaida kwenye mashindano makubwa ni dakika 10, na dakika 5 za mwanzo hazina pointi kabisa. Fainali ni ndefu zaidi, nayo nusu yake ya kwanza haina pointi. Ni kama wamekuambia: jaribu kummaliza kwanza, ukishindwa ndipo tutahesabu.

Na hesabu yenyewe inawapendelea wapiga mieleka. Ukimwangusha mtu akabaki kwenye gadi ni 2, lakini ukimwangusha ukatua moja kwa moja ukiwa umeshaivuka miguu yake ni 4. Kumkalia kifuani kumeshuka hadi 2, mgongo 3. Ukijikalisha mwenyewe chini kumvuta mtu kwenye gadi baada ya pointi kuanza, unakatwa moja. Kwa hiyo kwenye pambano la kawaida la ADCC mtu wa gadi huivuta gadi yake katika nusu ya kwanza, bure, au asiivute kabisa.

Ilikuwa kwenye ADCC ya 2003 São Paulo ambapo Eddie Bravo, mkanda wa kahawia asiyejulikana sana, alimkaba Royler Gracie kwa pembetatu ya miguu. Royler alikuwa ameshalitwaa taji hilo mara tatu. Kumbuka jina la Bravo, tunalirudia sasa hivi.

Hatua ya 4: Elewa muda unavyogeuka pointi zikiondolewa

Mwaka 2012 Ralek Gracie alianzisha Metamoris huko Marekani: dakika 20, hakuna pointi, asipogonga mtu ni sare. Onyesho la kwanza liliwakutanisha Roger Gracie na Marcus "Buchecha" Almeida, na kama kulikuwa na watu wawili duniani wa kuthibitisha kwamba pointi hazihitajiki, ni hao. Dakika 20 zikaisha, sare. Mwaka 2014 wakarudiana Bravo na Royler, miaka kumi na moja baada ya São Paulo. Bravo akaukunja mguu wa Royler kwa namna ambayo wengine wetu tungegonga kabla haijafika hapo, Royler akang'ang'ana, sare. Walioshuhudia bado wanabishana nani alishinda, na kwa kanuni zile jibu ni kwamba hakuna.

Bravo naye akaanzisha shindano lake, EBI, mwaka huohuo akiwa na dawa yake: dakika 10 za kawaida, kisha muda wa ziada. Kila mmoja kwa zamu anapewa nafasi ya kuanzia akiwa tayari ameshika mgongo, au akiwa ameshaushika mkono wa mwenzake kiwiko kikiwa karibu kunyooka. Kuchagua ni kwake. Raundi zisizozidi tatu. Ukimgongesha naye akashindwa kukugongesha, umeshinda. Mkipona wote, zinajumlishwa saa: aliyejinasua haraka zaidi ndiye mshindi.

Ona kilichotokea. Wanafunzi wa mwalimu John Danaher, aliyekuwa New York wakati huo, yaani Garry Tonon, Eddie Cummings na Gordon Ryan, walitwaa mataji ya EBI kwa sababu waliusoma mtihani kabla ya wengine. Walikwenda kwenye miguu, ambako IBJJF hailipi pointi na wengi walikuwa hawajui kujilinda, na waliufanyia mazoezi muda wa ziada kama mtu anavyofanyia mazoezi penalti. Hivyo hata kwenye "kusalimu amri tu" kuna hesabu, ila imefichwa mwishoni. Mpiganaji Craig Jones alipoandaa shindano lake la 2024 Las Vegas, lenye dola milioni 1 kwa kila bingwa, alitumia raundi za dakika tano zenye majaji. Aliyechoshwa na pointi naye alimhitaji mtu wa kuandika namba mahali.

Ukiondoa pointi, kuwa chini ya mtu kunakuwa nafuu. Unaweza kulala chini ya mtu aliyekubana ubavuni dakika nzima, upumue, usubiri akosee. Kwenye pointi dakika hiyo ingekugharimu pambano. Kwa upande mwingine, mwenye nguvu ya kushikilia tu anapoteza silaha yake, maana kumshikilia mtu dakika tisa ni sawa na kutomshikilia. Muda ni wa yule mwenye mashambulizi yanayofuatana: unatishia roba, anainua mikono, unachukua kiwiko, anageuka, unarudi kwenye roba.

Hatua ya 5: Chagua kwa ukweli, si kwa ujasiri

Kwa mkanda mweupe nitasema waziwazi: anza na pointi. Sifichi kwamba ni maoni yangu tu na wapo walimu wanaonipinga. Pointi zinakulazimisha kujifunza kukaa mahali ulipofika, na anayejua kukaa atajifunza kumaliza. Anayeanza kwa kurukia mikono na miguu ya watu huishia kama mimi wa siku ile ya shawarma.

Kama umri umesogea na Jumatatu unatakiwa kazini kwa miguu yako miwili, soma mara mbili jibu la lile swali la tatu. Kusokota kisigino si sawa na kukunja kiwiko. Kiwiko kinauma taratibu na kinakupa nafasi ya kugonga. Kisigino kikisokotwa nguvu inakwenda kwenye goti, na mara nyingi maumivu yanakuja wakati kano limeshakatika. IBJJF imepiga marufuku mbinu hiyo kwenye gi kwa mikanda yote. Bila gi iliruhusu mwaka 2021, kwa mikanda ya kahawia na mweusi ya watu wazima pekee. Mashindano mengi ya kusalimu amri huiruhusu hata kwa mikanda ya chini ya hapo. Kama klabu yenu haifundishi kujinasua nayo, usiingie. Hutajifunza siku hiyo.

Hatua ya 6: Wiki sita za mazoezi

Kwa shindano la pointi, zoezi langu la kwanza ni la aibu kidogo: kila unapofika mahali penye pointi, hesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Wenzako watacheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu utaona mwili unasubiri wenyewe, unashusha uzito, kisha ndipo mkono unatafuta shingo.

La pili ni kuanzia kwenye hesabu mbaya. Mwambie mwenzako: "Uko mbele 2–0, imebaki dakika moja na nusu, anza." Mbadilishane. Anayeongoza anajifunza kulinda bila kuzubaa; anayefuata anajifunza hesabu ya haraka. Ukiwa nyuma kwa 2, kupindua kunakuletea ulinganifu tu na chenji ndizo zitaamua. Basi ukipindua usishangilie, endelea mbele kwenye miguu yake: 2 na 3 ni 5. Kuvuka na kupanda kifuani peke yake ni 3 na 4, yaani 7 ndani ya pumzi moja. Mtu aliyezoea kuhesabu hivi hapaniki zikibaki sekunde arobaini.

La tatu ni sekunde thelathini za kwanza. Amua leo kama unaangusha au unavuta gadi, na ufanye hilo tu kila siku. Kwenye mikanda ya chini anayepata 2 za kwanza humfanya mwenzake acheze kwa pupa.

Kwa kusalimu amri, raundi ndefu: dakika 10, kisha 15, mtu asibadilishwe. Nusu ya raundi zianzie ukiwa mahali pabaya. Na kama kuna muda wa ziada kama wa EBI, kila siku ya mazoezi imalizike nao, saa mkononi, namba ziandikwe ukutani. Mwenzako akae nyuma yako, mkono mmoja umepita juu ya bega kwenda shingoni, mwingine chini ya kwapa, viganja vimeshikana kifuani. Kazi ya kwanza ni mkono wa shingoni: ushike kwa mikono yako yote miwili, kidevu chini. Kisha jilaze upande wa ule mkono wake uliopita kwapani, usiende upande wa mkono unaokaba. Sugua mabega yako mpaka yaguse mkeka, halafu ondoa kisigino chake cha chini kwa kusukuma paja na kusogeza kiuno. Ukiharakia kisigino kabla hujapeleka mabega chini, roba inaingia. Siku ya kwanza nilitumia sekunde 58. Baada ya mwezi nilikuwa nafika 20 na kitu, na kwenye EBI tofauti ya namna hiyo ndiyo medali.

Fanya pia mazoezi ya kushika. Vidole na mikono ya mbele huisha kabla ya mapafu, hasa ukikaba roba ikakataa kuingia. Jifunze kuachia ikiwa bado una nguvu ya kushambulia mara ya pili.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwa IBJJF unapimwa uzito muda mfupi kabla ya pambano lako la kwanza, ukiwa umevaa gi, mara moja tu. Uzito wa kati kwa wanaume ni mwisho kilo 82.3 pamoja na gi, na gi yenyewe inaweza kuvuka kilo moja na nusu. Pima nyumbani ukiwa umeivaa na mkanda juu. Gi iwe nyeupe, bluu au nyeusi, kucha ziwe zimekatwa. Nimemwona mtu akitolewa kwenye foleni kwa sababu ya gi iliyopasuka gotini, na alikuwa amesafiri kwa basi usiku kucha.

Sauti moja tu itoke pembeni. Mchague mtu atakayekuambia vitu viwili, muda na pointi, na wengine wapige makofi. Kwenye kusalimu amri akuambie muda pekee. Hakuna kingine cha kukuambia.

Halafu kugonga. Gonga mapema, gonga kwa nguvu, mwilini mwa mpinzani ikiwezekana ili aisikie mwenyewe. Mikono ikiwa imefungwa, gonga kwa mguu au sema kwa sauti. Kwa IBJJF hata ukitoa tu ukelele wa maumivu refa anahesabu umesalimu amri, kwa hiyo mwenye tabia ya kusema "aah!" kila anapobanwa ajizoeze kunyamaza. Neno lenyewe liwe lolote. Mimi niliwahi kukabwa na Mbrazili, mikono yote imenaswa chini yangu, na kilichonitoka ni "basi, basi!" Yeye hakuelewa. Refa alikuwa Mwarabu, akasimamisha pambano papo hapo.